Mkono wa Mama Kwenye Debe

Mama yangu alikuwa akishika debe. Kwa mtu wa pwani hilo si neno, lakini kwetu juu, Newala, lilikuwa neno kubwa. Miaka ile maji tuliyafuata bondeni, kwenye chemchemi zilizo chini kabisa ya mteremko, na kupanda nayo ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Njia nyembamba, mawe, mizizi, mahali pengine unainuka kwa magoti. Na mwanamke wa kwetu aliyekamilika aliipanda njia ile na debe limejaa kichwani, mikono yake yote miwili iko huru. Huyu kabeba mtoto, huyu kakumbatia kuni, yule anamenya embe. Mimi mwenyewe, nasema bila haya, nilipofika darasa la nne nilikuwa napandisha maji mlimani huku nasuka ukili wa mkeka, na tone halimwagiki.

Mama alishika. Mkono wa kulia juu, umelikamata debe ukingoni, kama mtoto anayejifunza. Miaka yote aliyokaa kule hakuuteremsha. Wanawake wenzake walimwita mshika debe. "Jamani, mpisheni mshika debe, atatumwagia!" Yeye alicheka nao. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu tangu utotoni, na niliwahi kumsukuma binti wa jirani kwenye tope la chemchemi kwa ajili ya mkono ule. Lakini jibu la kuwapa sikuwa nalo. Ukimwuliza mwenyewe, "Mama, kwa nini huachii?" anakwambia, "Nimezoea." Basi, hakuna zaidi.

Mama hakuwa mtu wa juu. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, karibu na pale mto unapoingia baharini. Baba alimkuta huko alipokwenda kufuata samaki wakavu wa kuuza, akarudi na samaki na mke. Baadaye vita vya Mreno vilipowaka, bibi yangu mzaa mama na mjomba wangu walivuka mto, wakahamia Msimbati, upande wetu. Salamu zilipanda na kushuka na wachuuzi. Mama mwenyewe hakuwa amewatia machoni tangu mimi niko mgongoni.

Mwaka nilipomaliza darasa la saba, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa baiskeli, jua kali, hata maji hakungoja apewe. Nimechaguliwa sekondari. Shule ya bweni ya wasichana, Mtwara mjini. Katika shule yetu nzima msichana aliyechaguliwa ni mimi tu. Baba alichinja jogoo, akazunguka kwa majirani wote kuwaeleza, hata wale waliokwisha kuelezwa. Alipotulia akasema neno ambalo nilijua litasemwa.

"Mimi sina kinyongo. Lakini mtoto ana mjomba."

Kwetu Wamakonde ndivyo ilivyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Baba anaweza kukulisha na kukuvisha, lakini uolewe au usiolewe, uende au ubaki, mjomba ndiye anayesema. Mjomba akisema hapana, mwalimu mkuu angerudi na baiskeli yake, na mimi ningebaki kungoja mume na kuipanda njia ya bondeni mpaka meno yang'oke. Mama akasema tutakwenda kumwuliza wenyewe, mimi na yeye. Ramadhani ilikuwa imebakiza siku chache, na baba alibaki na korosho zake.

Basi lilitushusha Mtwara jioni, tumekuwa wekundu kwa vumbi mpaka kope. Tulilala Chikongola kwa ndugu wa baba, na asubuhi nikatembezwa. Nilitoa macho pima. Maduka yamepangana, vitenge vimening'inizwa mpaka barabarani, mafundi cherehani barazani wanashona nguo za sikukuu mguu hautulii, watu wa bandarini wanapita na baiskeli wakipiga kengele, redio inaimba dukani na redio nyingine inaimba wimbo mwingine duka la pili. Nilidhani kuna sherehe. Mwenyeji wetu akacheka, akasema, "Hapana mwanangu, ndiyo Mtwara hii, kila siku iko hivi." Nikajiambia, hapa nitakaa mimi. Nitavaa sare nipite katikati ya watu hawa. Wallahi nilitamani sana.

Lakini mtu niliyemtazama zaidi alikuwa mama. Alikuwa amebadilika. Mwendo wake wa kule nyumbani, ule wa pole pole wa mtu anayeogopa kumwaga, ulikuwa umepotea. Alitangulia, mimi namkimbilia. Na lori la kwenda Msimbati lilipoanza kuzama kwenye mchanga, kabla sijaona chochote, akainua pua na kusema, "Kuna mawimbi leo." Nikamwona mzushi. Tulipokunja kona ya mwisho, minazi ikaachana, na nikayaona.

Nisidanganye, niliogopa. Maji yote yale, yanainuka, yanaanguka, yanarudi, hakuna anayeyapandisha wala kuyateremsha. Na katikati ya vurugu ile, watoto! Wadogo kuliko mimi, wamelala juu ya vipande vya mbao za mitumbwi mikuukuu, wimbi linawabeba toka mbali linawaleta mpaka mchangani, wanapiga kelele za furaha, wanainuka, wanarudi tena. Mama akavua ndala zake, akazishika mkononi, akasimama akiwatazama mpaka ikabidi nimvute kanga.

Bibi alitupokea kwa machozi na matusi. Bibi na mjukuu kwetu ni watani, basi aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Ndiye mke mwenzangu huyu? Miguu kama ya korongo! Mume wangu hata simgawii." Nikampenda pale pale. Mjomba alikuja baadaye, kifua wazi, shoka begani, vumbi la mti kichwani. Alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi, mtu wa maneno machache. "Shikamoo kaka," mama alisema, akapiga magoti mchangani. "Marahaba." Akamtazama muda mrefu. "Umenenepa," akasema, akaenda kuoga.

Sasa niseme jambo nililolifanya, ambalo Msimbati walilisimulia miaka.

Jioni ile ya kwanza niliwaona wanawake wakirudi kutoka ufukweni na ndoo za maji. Tulipofuturu nikayanywa maji yale, yakawa matamu kabisa. Mwalimu alitufundisha bahari ina chumvi. Nikasema moyoni, mwalimu hajafika huku. Sikujua kwamba nyuma ya minazi, karibu na maji, kulikuwa na visima vifupi walivyochimba mchangani, na ndiko wanakochota.

Kwetu mgeni wa kike mwenye adabu haambiwi. Anaona mtungi unapungua, anachukua ndoo. Basi kesho yake alasiri, watu wamelala kwa swaumu, nikajisemea leo watanijua. Nilikwenda baharini mara kadhaa, nachota, najitwika, narudi, mikono yangu hewani naipunga kwa maringo. Maji bila mlima! Nilikuwa nacheka peke yangu njiani. Kuyaonja sikuyaonja kwa kuwa na mimi nilikuwa nimefunga. Nikajaza mtungi wa bibi mpaka shingoni, nikafunika, nikajikalisha barazani kungoja sifa.

Adhana ya magharibi ikasikika. Mjomba alikuwa ameshinda juani na shoka. Bibi akamchotea kopo la bati, limejaa, yeye kama mwanamume wa nyumba. Akasema bismillahi, akalipiga lote kwa mkupuo.

Sijaona uso wa mtu ukifanya vile tena. Macho yalimtoka, mashavu yakajaa, akakimbilia nje, tukasikia sauti zake huko uani mpaka majirani wakauliza kuna nini. Bibi akatia kidole kwenye mtungi, akaramba, akanitazama. Kisha akaanguka ubavu juu ya mkeka na kucheka mpaka akashindwa kupumua. "Mke mwenza! Mke mwenza kanifuturishia mwanangu bahari!"

Mjomba alirudi, ameshika mlango. Yeye hakucheka. Akamwuliza mama, taratibu, "Huyu ndiye mliyekuja kuniambia aende sekondari?"

Nikatamani ardhi inimeze. Usiku wa kuamkia sikukuu wakakaa kuzungumza rasmi, mama kwenye mkeka, mjomba kwenye kigoda, bibi kati yao. Mimi niliambiwa nikae nje, nikakaa, lakini makuti hayazuii masikio.

"Dada, mimi siyo mtu wa kukataa elimu," mjomba alisema. "Lakini nikuulize. Wewe ulipotaka kwenda huko juu kwa mumeo, nani alikuruhusu?"

"Wewe, kaka."

"Uliniambia utakuwa unakuja kila sikukuu. Umekuja?"

Nikamsikia mama akichokonoa mkeka kwa kucha.

"Tumekimbia vita, tumevuka mto na mama mgongoni, hukuwepo. Leo umerudi, unatembea mchangani kama mgeni. Mtoto wako hajui hata maji ya chumvi na maji ya kunywa. Umekwisha kuwa mtu wa mlimani. Sikulaumu, ndiyo maisha. Ila nimejifunza. Mtoto wa kike wa kwetu akitoka, harudi. Wewe nilikuachia, ukapotea. Na huyu tena nimwachie? Nitakupa jibu sikukuu ikipita."

Mjomba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikata maini. Angekuwa mkorofi ningemchukia nikapumzika. Nilisikia sauti yake ilivyotetemeka aliposema ukapotea. Mimi nikajua jibu lishatoka.

Idi pili ndiyo siku Msimbati inapofurika. Malori yalitoka mjini asubuhi, yamejaa watu wanaoimba. Makarani, manesi, walimu wa kutoka bara, wapakizi wa bandarini na wake zao, wengine Waislamu, wengine Wakristo waliokuja kula sikukuu ya wenzao. Ufuko mzima ukawa soko. Huyu anauza madafu, huyu pweza wa kuchoma, yule kashata. Ngoma moja huku, ngoma nyingine kule. Wasichana wa mjini na kanga mpya zenye wanga bado, wakiinua pindo zisilowe na kupiga mayowe kila povu likiwagusa miguu. Na watoto wa Msimbati siku hiyo walijua wanatazamwa, basi walidandia kila wimbi, lenye maana na lisilo na maana.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alipita na ubao wake kichwani. Utani wa binamu hauna breki. "Dada mchota maji! Leo hutujazii mtungi?" Nikamrushia ganda la dafu, likampata.

Mama alikuwa amekaa na wifi zake pembeni. Bibi alikuwa karibu na maji, ameinama, anapasua samaki wa mchana juu ya ubao wake. Ubao ule nilikuwa nimeuona tangu tulipofika, wa mninga, mweusi kwa damu ya samaki na miaka, kichwa chake kimechongwa mviringo. Binamu alinieleza kwamba siku waliyovuka Ruvuma kwa kukimbia, bibi aliacha vyungu, akaacha mchi, lakini ubao aliung'ang'ania kwapani. Watu wakimwambia autupe, anasema, ubao mzuri wa samaki huu, nitaupata wapi mwingine.

Mjomba alikuwa na wageni wake wa mjini. Karani mmoja wa bandarini, kijana wa kutoka bara, mcheshi sana, alikuwa amevaa miwani ya jua na kaptura. Akaomba ubao kwa watoto, akaingia. Wimbi la kwanza likamchukua likamrudisha kichwa chini miguu juu, miwani ikaenda na maji. Ufuko wote ukaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Akarudi kwa mjomba anatema mchanga, akauliza, "Bwana fundi, hivi kuna mtu mzima anayeweza mchezo huu? Au ni watoto tu?"

"Zamani walikuwapo," mjomba alisema. "Kule tulikozaliwa, hata wasichana. Dada yangu yule pale," akaonyesha kwa kidevu, "hakuwa na mpinzani. Lakini sasa ni mtu wa mlimani. Maji yake ni ya debe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa masikitiko, ila alisema kwa sauti, na watu wakacheka. Mshika debe! Kumbe hata huku lilikuwa limemfuata. Nikainuka, hasira zimeshanipanda kichwani, sijui nilitaka kumfanya nini mjomba wangu mwenyewe mbele za watu. Mama alikuwa ameinuka kabla yangu.

Alichukua kanga ya kichwani, akajifunga kibwebwe, akakaza mpaka nikasikia kitambaa kinalia. Akaenda kwa bibi, akashika ubao, akauinamisha. Samaki wakamwagika mchangani.

"Wewe!" bibi alipiga kelele. "Samaki wangu!"

Mama alishaingia majini. Alitembea na ubao kwapani, maji magotini, kiunoni, kifuani, kisha akalala juu yake na kupiga mikono. Watu wakaanza kuinuka. Mwanamke mzima, mama wa watoto, siku ya Idi! Wimbi lilikuja, akajaribu kuligeukia, likamfunika. Nikaona mguu. Kisha sikuona kitu.

Mama wee! Nilikimbia mpaka maji yaliponigusa nikasimama, kwa sababu sikujua kuogelea. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka, bado hawajaelewa. Mjomba hakucheka. Alinipita mbio, shati lake la sikukuu mwilini, akaingia mpaka kiunoni. Na pale mbali kichwa cha mama kikaibuka, na mkono wa kulia juu ya maji, na kwenye mkono ule, ubao.

Bibi alikuwa amefika pembeni yangu, kisu cha samaki bado mkononi. Akapaza sauti ambayo sikujua anayo. "Usiachie!" Kisha tena, "Mtoto wewe, usiachie!"

Mama hakuachia. Akapanda tena. Wimbi moja likapita chini yake akaliacha. Jingine akaliacha. Mtu nyuma akasema amechoka huyo, aletewe mtumbwi. Bibi akamgeukia, "Nyamaza, anachagua."

Na alipochagua, alichagua haswa. Lilikuja kubwa, la kijani, limeinua mgongo toka mbali. Mama akageuza ubao, akapiga mikono mara chache, na wimbi likamwinua. Nikamwona juu, juu kabisa, juu ya vichwa vya watoto, kifua ameinua, mkono wa kulia umekamata ukingo wa ubao na mkono wa kushoto ameutupa hewani anapunga kama bibi harusi. Alikuja! Alikuja anaongezeka, povu pande zote mbili, watoto wanatawanyika, ufuko mzima umeinuka kwa mayowe na vigelegele, ngoma zimenyamaza. Nilikuwa nalia na kuruka, na kumwambia kila aliye karibu, watu nisiowajua, manesi wa watu, "Mama yangu! Yule ni mama yangu! Mama yangu yule!" Nimejivunia mambo mengi katika maisha yangu, nimesoma, nimefundisha, nimejenga. Sijajivunia kitu kama nilivyojivunia mwanamke yule siku ile.

Ubao ulisugua mchanga karibu na miguu ya bibi. Mama akainuka, kanga imemganda, gamba la samaki limemshika shavuni, anahema na kucheka kama msichana. Bibi akamtazama. "Samaki wangu umewamwaga. Kuwaosha utawaosha wewe." Akajifuta uso kwa mkono wenye kisu, tukaogopa atajikata.

Mjomba alitoka majini taratibu. Shati limelowa, maji yanamtiririka. Akasimama mbele ya dada yake.

"Kumbe hukuachia," mjomba akasema.

"Nani alinifundisha?" mama akamjibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni yeye. Kaka yake ndiye aliyeuchonga ubao ule kwa mkono wake, akamlaza juu yake alipokuwa mdogo, akamsukuma kwenye wimbi na kumwambia ashike. Mjomba akainamisha kichwa. Akakaa vile mpaka wageni wakaona aibu wakageukia madafu yao. Kisha akaniita, nikaenda.

"Nenda kasome," alisema. "Lakini likizo yoyote, kabla hujapanda kwa baba yako, unashukia hapa kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na mtungi usiguse."

Jioni nilimsaidia mama kuwaosha wale samaki. Nikamwuliza, "Mama, ndiyo maana unashika debe?" Akautazama mkono wake kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya. Akasema, "Mtoto wa kule kwetu, kitu cha kwanza anachofundishwa ni hicho. Ulichokipanda usikiachie. Ukikiachia kinakwenda, wewe unabaki na maji. Nilipofika kwa baba yako nikapewa debe, nikalishika. Wenzangu wanacheka. Mimi nilikuwa nawashangaa wao. Maji yametafutwa kwa taabu vile, halafu unayaachia hewani!"

Tulikaa siku chache zaidi, na bibi akaapa siondoki bila kufundishwa. Akanilaza juu ya ubao wa mninga pale kwenye maji ya magoti, yeye na binamu wakanisukuma. "Shika!" Nikashika. Nikaenda kidogo, nikajisahau, nikainua mikono yote miwili kwa maringo yangu ya mlimani. Bahari ikanipindua, nikameza maji mpaka yakatokea puani. Nilipoinuka natapatapa, nikamsikia mjomba kutoka juu ya mtumbwi aliokuwa anauchonga, kwa mara ya kwanza anacheka kwa sauti, ameweka shoka chini.

"Haya! Na wewe umefuturu! Sasa tumelipana!"

Shule ilifunguliwa Januari. Basi la Mtwara lilisimama mbali na kwetu, na njia ya kwenda kituoni inapita pale pale wanapokutana wanawake wanaotoka bondeni. Baba alitangulia na ndoo yangu mpya. Mimi nilikuwa na sanduku la bati kichwani, jekundu, lenye kila nilichokuwa nacho. Mama alikuwa nyuma yangu na godoro kichwani, mkono wake juu kama siku zote.

Walikuwa wamejaa pale, wameshusha madebe wanapumzika, na wakaanza. "Msomi wetu huyo! Hebu tuone mwendo!" Walijua sifa zangu. Walikuwa wanangoja nipite na sanduku kichwani, mikono naipunga, niwaonyeshe maringo ya kwetu kwa mara ya mwisho. Na ningeweza, sanduku lilikuwa jepesi.

Nikainua mkono wa kulia, nikalikamata sanduku ukingoni.

"Ala! Na wewe leo unashika?" aliuliza yule binti wa jirani, yule wa kwenye tope.

"Nashika," nikamwambia. "Na siachii."

Nyuma yangu nilisikia ndala za mama zimeongeza mwendo. Tukaenda hivyo mpaka kwenye basi, mikono miwili juu, na aliyetaka kucheka alicheka.